Mwaka Unaokogwa Meli Ikija

Sisi tuliokulia Makunduchi, kusini ya Unguja, enzi zile hatukuwa na simu za kutukaniana. Tulikuwa na Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya kila Julai. Ukigombana na mtu wakati wa kupalilia, baba alikuwa akikwambia, "Kiweke kinyongo chako, Mwaka hauko mbali." Basi unakiweka. Siku ikifika mnakutana uwanjani na magomba mabichi, mnapigana kwelikweli mbele ya watu. Mama alituvisha mashati makuukuu, maana utomvu wa mgomba ukishika nguo hautoki. Wanawake hupita na kanga zao mpya wakiimba mafumbo ya kukuchoma moyo, kibanda cha makuti kinatiwa moto ili balaa za mwaka uliokwisha ziungue humo, kisha kila nyumba inatafuta mgeni wa kula naye, kwani kukosa mgeni siku ile ni nuksi.

Nakumbuka baba alivyopigana na jirani yetu Mzee Mcha kwa sababu ya mbuzi aliyemaliza muhogo wetu. Adhuhuri walikula sinia moja, baba jicho limevimba, anammegea mwenzake pweza. Habari za mbuzi hazikusikika tena.

Siku hizi wageni hatuwatafuti, wanaletwa. Meli kubwa ya watalii ikifunga gati bandari ya Malindi, mjini, hata kama ni Februari, Mwaka unakogwa Februari. Kwanza wageni hupelekwa msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, wale wale tuliokuwa tukiwafukuza mashambani kwa kugonga makopo. Kisha huletwa kwetu kututazama sisi. Vijana wanapigana kwa magomba yaliyokauka, mepesi kama pamba, huku jicho moja liko kwenye kamera. Ukiwauliza kwa nini kibanda kinachomwa, wanakwambia ni kwa ajili ya picha.

Mwenye shughuli hiyo ni mdogo wangu, Makame. Alikata minazi ya marehemu mama yetu apate pa kuegesha mabasi, bila ya kuniuliza. Nilikasirika, nami nilikiweka kinyongo changu kama nilivyofunzwa. Lakini Mwaka wenyewe ulipofika hakuja uwanjani, alikuwa mjini anapokea meli. Nikaona basi, nitamfuata huko huko kwenye maonyesho yake.

Nikaenda na gomba bichi, zito. Nikampiga begani, nikampiga mgongoni. Wageni wakapiga makofi. Makame akacheka nao, akanisogelea sikioni.

"Pole pole kaka, wageni wanaogopa."

"Nipige na wewe, Makame."

"Nikupige kwa lipi? Mimi sina kinyongo nawe."

"Mimi ninacho. Nipige tumalize."

Akatazama saa yake. "Nshachelewa, kaka. Wanasubiriwa melini."

Akageuka, akawapungia wageni, akawapandisha mabasi pale ilipokuwa minazi. Nikabaki uwanjani na gomba langu, na nilikuwa na uchungu kuliko nilivyokuja, kwa sababu mtu humpigi mara mbili ugomvi ukaisha wakati yeye hajakugusa.

Wazee wetu walikuwa maskini, lakini ugomvi wao ulikuwa na siku ya kufa. Wa kwetu unapigwa picha ukiwa hai na unarudi nyumbani na mwenyewe. Mama alituzaa wawili tu. Mmoja wetu atatangulia, na sijui atakayebaki atashika jeneza kwa uso gani.