Mie Nashona Tu

Kaviha hawezi kusuka ukili akiwa kimya. Jambo hilo Mishomoroni nzima inalijua. Mpe ukindu mkavu, mkalishe kivulini, umuulize habari za harusi ya jirani, na vidole vyake vitakwenda vyenyewe, jani juu, jani chini, wala haviangalii, huku mdomo ukikueleza pilau ilivyoungua na nani aliondoka bila kuaga. Mnyamazishe, na vidole navyo vitasita. Mumewe Karisa, aliyepasua mawe machimboni Mwakirunge kwa miaka ishirini na anayeupenda ukimya kama wengine wanavyopenda sukari, husema kwamba alioa redio akaongezewa mkeka.

Lakini aliyeisikiliza redio hiyo kuliko Karisa ni Bi Khairiya. Huyu ni mjane wa ukoo wa zamani wa Mji wa Kale, na nyumba yake ina baraza ya saruji inayopata kivuli mapema. Kwa miaka kumi na tisa, kila siku baada ya sala ya alasiri, wanawake hawa wawili wamekaa hapo. Mmoja ni Mgiriama wa kanisani, aliyeingia mjini na mtoto mgongoni na tita la ukindu kichwani. Mwingine ni wa kujitanda buibui hata anapokwenda kununua nazi mlango wa pili. Kaviha husuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoviringishwa bunda zima kabla haujawa kitu. Khairiya huuchukua, huupima, huukata, na kuziunganisha tepe kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka. Mshono wake hauonekani. Utapitisha kiganja juu ya mkeka wake mara tatu usijue utepe mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi.

Tena Khairiya ana ujuzi mwingine ambao hajaufundisha mtu. Akipitisha ukili vidoleni anajua ulisukwa katika hali gani. "Hapa mulikuwa matangani," husema, na kweli ulisukwa matangani. "Hapa ulikuwa wacheka, umelegea." Kaviha alishakata tamaa ya kumficha kitu.

Basi mwaka huu ikaletwa Kisauni wiki nzima ya sanaa za jadi za mataifa. Mafundi wangetoka nchi saba, wakae ukumbi wa jamii kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kila mmoja atengeneze kitu kimoja mbele ya watu, na siku ya mwisho vitu vyote vionyeshwe. Mishomoroni iliombwa itoe fundi mmoja. Velma, msichana wa Nairobi mwenye kitambulisho shingoni na roho safi kabisa, akaelekezwa kwenye ile baraza.

"Hii mikeka ni noma," alisema akiushika mmoja ukingoni. "Nani ameitengeneza?"

Khairiya akainamisha kichwa. "Mwenye kazi ni huyu, mama. Mie nashona tu."

Hapa ni lazima nikueleze, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa watu wa pwani, maneno kama hayo ya Khairiya ni nusu ya maneno. Mtu muungwana akisifiwa hujishusha, na aliye kando yake ana wajibu wa kumwinua papo hapo: "Wapi! Usimsikilize, fundi ni yeye." Naye atakataa, na mwenzake atashikilia, na mgeni atapata ukweli wote bila mtu kujisifu. Watoto wa Mishomoroni wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu. Velma hakulijua, wala hatumlaumu. Alisikia "nashona tu" akaandika alichosikia.

Kaviha alijua. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Velma alikuwa ameinua simu na kuielekeza usoni kwake, akamwambia atabasamu kidogo, na katika umri wa miaka hamsini na minane hakuna aliyewahi kumwomba Kaviha tabasamu kwa ajili ya kitu alichokifanya kwa mikono yake. Akatabasamu. Simu iliposhuka, Velma alikuwa ameshafunga daftari, na mwanya wa kusema ulikuwa umepita.

Sasa, Kaviha akikasirika utamsikia kutoka steji ya matatu. Khairiya akikasirika huzidisha adabu. Jioni ile alimwandalia Kaviha kahawa kwenye kikombe cha wageni. Alimwita "bibi", yeye aliyezoea kumwita "mwanangu". Alimsindikiza hadi barabarani na kumwombea safari njema, na nyumba ya Kaviha iko hatua sitini kutoka hapo. Kesho yake mkeka wa barazani ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani. "Mato yangu yaniuma," alisema Khairiya dirishani kwa upole mkubwa. "Siwezi kuona tundu la sindano. Utaniwia radhi, bibi."

Jumatatu Kaviha alikwenda ukumbini na ukindu wake. Palikuwa na mzee wa Uzbekistani na sahani zake za udongo wa buluu, na mama wa Bangladeshi aliyekuwa akitia nakshi kwenye shuka kuukuu, na wengine ambao nchi zao Kaviha hakupata kuzishika vizuri. Juu ya meza yake palikuwa na kadi kubwa: KAVIHA KARISA, FUNDI WA MIKEKA, KENYA. Aliisoma mara ya kwanza akaona raha. Mara ya pili raha ikapungua.

Kisha mtangazaji akachukua maikrofoni kueleza kazi yake, na yeye akaambiwa asuke. Asuke tu, asiseme. Watu wakamzunguka, wakamtazama vidole, naye akavitazama, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa msichana. Vikamwona anavitazama vikaona haya. Aliruka jani moja, akaruka la pili. Hadi adhuhuri alikuwa na ukili usiotosha kufunga mbuzi.

Aliyemwokoa ni jirani yake wa meza, mama wa Meksiko aitwaye Eulalia, mfupi, mwenye nywele za mvi zilizosukwa misuko miwili hadi kiunoni, msuka kofia za majani. Jumanne Eulalia alimtazama kitambo, akavuta kiti chake karibu, akaanza kusuka huku akiongea kwa lugha ya kwao. Alikuwa akisimulia habari ndefu ya mtu mbaya, hilo lilionekana wazi usoni. Kaviha naye akajibu kwa Kigiriama, akimweleza habari za shemeji yake wa Mtongwe aliyeuza mlango wa nyumba. Hakuna aliyeelewa neno, na wote wawili walisikitika mahali panapostahili. Ukili ukaanza kukimbia. Hadi Jumatano jioni Kaviha alikuwa na bunda linalotosha mkeka wa watu wanne.

Lakini bunda si mkeka. Kabla usiku haujaingia alijaribu kuushona nyumbani mwenyewe, kwa shazia ya kuazima, na kila alipovuta uzi tepe zikajikunja kuelekea katikati. Karisa aliinama akautazama.

"Huyu ni mkeka au ni kobe?" aliuliza.

Kaviha akafumua mishono yote bila kujibu, na Karisa, aliyeuzoea mdomo ule kwa miaka thelathini na tano, akashtuka kuliko kama angalitukanwa. Alimwekea chai mbele yake akaondoka taratibu.

Alhamisi alifika Judy, mwalimu aliyejua Kihispania, kuja kutafsiri. Eulalia alimwonyesha Kaviha kadi ya meza yake, ambayo Kaviha alikuwa ameiona kwa siku tatu bila kuelewa kwamba ina majina mawili.

"La pili ni la kaka yake, Fermín," Judy alitafsiri. "Anasema yeye husuka, kaka yake ndiye hushona ukingo na kuipa kofia umbo. Hakuja kwa sababu lazima mtu abaki na mbuzi. Anauliza, wako anayekushonea yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," alisema Kaviha. "Anaumwa na macho."

Eulalia akasema kwa maneno machache kwamba amesikitika, na akaweka mkono kifuani. Kaviha aliona aibu hadi masikio yakawa moto. Hakuwa amemdanganya mtu maishani kwa jambo la kazi, na sasa amemdanganya mgeni wa watu aliyetoka ng'ambo ya bahari mbili.

Ijumaa aliomba ruhusa mapema akaenda barazani. Alikuwa amejipanga kuomba msamaha, lakini nani aliwahi kumwomba Khairiya msamaha akapewa nafasi? "Kosa lipi, bibi?" alisema Khairiya akimsogezea sahani ya kaimati. "Hapana kosa. Nalisema nashona tu, na kweli nashona tu. Tafadhali, onja." Kaviha alionja. Zilikuwa tamu kama kawaida. Alijaribu tena, akajibiwa kwa adabu tena, na akatambua kuwa mlango ule hautafunguka kutoka upande huo. Alichokivunja alikivunja mbele ya mgeni. Faraghani hakitengenezeki.

Akasimama. "Basi kesho njoo unitazame," alisema. "Nakualika."

Hapo alikuwa amemshika. Khairiya angeweza kukataa kushona, angeweza kukataa msamaha, lakini kualikwa rasmi, kwa mdomo, mlangoni pake, akatae? Asingekuwa Khairiya.

"Inshallah," alisema.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Sahani za buluu zilikuwa zimepangwa, kofia ya Eulalia imewekwa juu ya kigogo, shuka la Bangladeshi limetundikwa. Juu ya meza ya Kaviha palikuwa na bunda la ukili na si kingine. Khairiya alikaa safu ya tano na mke wa mwanawe, Ibtihal, mkoba wake magotini, uso umetulia kama wa mtu aliye matangani kwa watu asiowajua sana.

Velma alipomwita, Kaviha alipanda jukwaani na bunda lake mikononi. Mtangazaji akampa maikrofoni.

"Wiki nzima mumenisifu," alianza. "Hiki nilichoshika hakilaliki. Hakikaliki. Mgeni hutandikiwa mkeka, na mimi mkeka sijui kuufanya. Huyu mwanangu Velma alikuja akauliza kazi hii ni ya nani. Bi Khairiya yule pale akasema yeye anashona tu."

Ukumbini watu wazima wakaguna. Walikuwa wameshajua kinachofuata.

"Na mimi nikanyamaza," alisema Kaviha. "Mimi, Kaviha. Munanijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka picha."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Velma alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili, akitazama huku na huku, na kidogo kidogo uso ukaanza kuelewa.

"Fundi ni yeye," Kaviha akasema. "Miaka kumi na tisa. Mimi namletea kamba, yeye ananirudishia mkeka."

Vichwa vyote vikageukia safu ya tano. Khairiya akainuka, maana asingeweza kukaa akiwa anatajwa. "Musimsikilize," alisema. "Mpenda maneno huyo. Mie nashona tu."

"Wapi!" Kaviha alimkatiza kabla hajamaliza, kwa sauti iliyofika hadi steji ya matatu. "Fundi ni wewe."

"Mie nashona tu, mwanangu."

"Fundi ni wewe, na wallahi sitashuka hapa."

Kaviha ni Mkristo, na kiapo kile kiliwachekesha hata mashemasi. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa amesikia "mwanangu". Neno hilo lilikuwa limepotea siku kumi, na badala yake alikuwa akiitwa bibi, na sasa machozi yalimtoka bila aibu mbele ya mataifa saba.

Khairiya akaja mbele taratibu, akimwomba radhi kila aliyempisha njia. Akaketi kwenye kiti cha Kaviha, akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na shazia yake, imeshatiwa uzi. Alikuwa ameitia uzi nyumbani. Yale macho mabovu yalikuwa yameliona tundu la sindano vizuri sana.

Akavuta ukili kutoka bundani, akaupitisha vidoleni pima baada ya pima. Hapa na pale alitikisa kichwa, akiridhika. Ulipofika mwisho wa ndani, ule wa Jumatatu, akasita. Akarudi nyuma kidogo. Akaupitisha tena kwa kidole gumba, mahali jani liliporukwa, kisha mahali pengine.

"Hapa ulikuwa kimya," alisema, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya ukumbi.

"Sikuwa na wa kusema naye," Kaviha akajibu.

Khairiya akakata kile kipande kibovu, akakiweka kando, akalaza tepe mbili ukingo kwa ukingo na kuingiza shazia. Eulalia alikuwa ameshavuta kiti chake karibu.

"Basi sema," alisema Khairiya. "Wanitazama nini? Sema."

Kaviha akapangusa uso kwa ncha ya leso, akachukua ukindu mpya, akaanza na habari ya Karisa na kobe.