Kikapu cha Mkono wa Kushoto

Niliingia Gisenyi kama mtalii, na sioni sababu ya kulificha hilo. Tulikuwa wastaafu kumi na wawili kutoka Kigali, tumekodi basi dogo kwa siku mbili. Ratiba, ambayo niliiandaa mimi mwenyewe, ilitutaka asubuhi ya pili tutembelee soko la kazi za mikono kabla ya kurudi. Dada yangu anaishi Rugerero, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mjini. Sikumwarifu kwamba nakuja. Ratiba haikuwa na nafasi.

Kibanda cha tatu kilikuwa cha mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya kuita wateja hadi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amepanga safu ya agaseke, vile vikapu vyenye kifuniko cha ncha. Kimoja alikuwa amekitenga juu ya kitambaa cheupe.

Kwa wasiojua usukaji: msusi huanzia chini, huzungusha nyuzi akipanda, na kwa kuwa karibu wote hutumia mkono wa kulia, mapambo ya mshazari hupanda yakielekea upande mmoja. Katika kikapu kile yalielekea upande wa pili. Marehemu mke wangu alikuwa wa mashoto. Utotoni walimkataza kula kwa mkono huo na kusalimia kwa mkono huo, lakini hakuna aliyefaulu kumkataza kuusukia.

Nilikinyanyua. Pembeni mwa kifuniko palikuwa na uzi wa zambarau, aliouingiza mweusi ulipomwishia. Nilikuwepo ulipomwishia.

Kikapu hicho nilimkabidhi dada yangu siku tulipoondoa matanga, mbele ya ndugu wote, kikiwa kimejaa mtama, maana agaseke haitolewi tupu. Yeye ndiye aliyemuuguza mke wangu nyumbani kwake, miezi yote ya mwisho, mimi nikiwa ofisini.

"Mzee, hiyo iko ya zamani kabisa," alisema mama wa kibanda. "Hautapata ingine. Iko na historia."

"Historia gani?"

"Bon, ngoja nimuite mwenyewe kwa simu akuambie. Batalii banapenda sana. Mi nitaharibu, ye anasemaka muzuri."

Aliweka simu kwenye spika. Sauti iliyotoka ilikuwa ya dada yangu.

"Karibu mgeni," alisema, kwa Kiswahili kile kile tulichokulia Tanzania, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi. "Kikapu hicho nilikisuka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilipokuwa msichana. Naachana nacho kwa uchungu."

Nilimwomba mama amuulize alisuka kwa mkono gani.

"Mugeni anauliza, ulitumia mukono gani?"

Kicheko. "Wa kulia, kama watu wote! Huyo mgeni wako katoka wapi?"

"Kigali," nikasema. "Ni mimi, dada."

Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Kaka. Uko Gisenyi?"

"Niko Gisenyi."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Umelala wapi?"

"Hoteli."

"Hoteli! Mimi niko hapa, wewe unalala hoteli, halafu unanihoji habari ya mkono."

Nilimwambia tusichanganye mambo mawili. Kikapu hakukisuka yeye.

"Sikukisuka. Lakini aliyekisuka nilimgeuza mimi kitandani, mchana na usiku. Kilikaa juu ya kabati, kila nikiamka namwona yeye. Ningekuuliza wewe? Ulikuja lini?"

"Ungekiuza ukasema ni cha wifi yako."

"Nani ananunua cha marehemu, kaka?"

"Mungu wangu!" alisema mama wa kibanda. "Mzee, kumbe iko ya madamu yako? Na nyie munagombania juu ya meza yangu!"

Kwa haki naandika hapa kwamba alilosema dada yangu kuhusu ziara zangu ni la kweli. Tangu mazishi nilikuwa nimefika kwake mara mbili. Kuuza pia ningeweza kumwelewa, pengine hata kumsamehe. Lakini aliuondoa mkono wa mtu aliyekufa mikononi mwake akaweka wa kwake, na alifanya hivyo bila kusita, kwa wageni, kila simu ilipolia.

"Ukirudi Kigali utapita hapa," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Nitasimama barabarani. Shuka, tuongee kama watu."

Nilijibu kwamba nimesikia. Ni neno la ofisini. Hulisema asiyetaka kuahidi.

Nilikinunua kikapu. Mama alitaka kunipunguzia kwa aibu, nikakataa, kwa kuwa yeye hakunidanganya. Kwenye kadi ya bei iliyofungwa kifunikoni nilikata kwa kalamu mstari wa kwanza, uliosema kimesukwa na mwenyewe anayekiuza, nikaandika juu yake: kimesukwa na mke wangu. Nikatia sahihi na tarehe.

Tuliondoka saa saba. Pale Rugerero dada yangu alikuwa amesimama kando ya lami, amevaa kitenge cha kwendea kanisani, akiangalia kila gari. Nilikaa nyuma ya dereva, mahali ambapo neno moja lingetosha. Sikulisema. Basi lilipunguza mwendo kuwapisha wenye mizigo, na yeye akapitisha macho dirisha kwa dirisha. Nadhani aliniona, kwa sababu aliacha kutafuta.