Abiria Walio Nyuma Yake

Mume wangu ameendesha treni mpaka akastaafu, milimani, kwenye mvua, kwenye ukungu, wala sikuwahi kumwona akitetemeka. Kumbe siku zote alikuwa akiogopa kwamba ipo siku atafika stesheni, ageuke, akute mabehewa yamechomoka njiani na abiria wake wote. Hilo hakuniambia mimi mkewe. Nililisoma kwenye kitabu alichoandika baada ya kustaafu, kama mtu baki!

Kitabu kikapendwa, akaalikwa kuhutubia ukumbini. Alipopanda jukwaani, jasho lilimtiririka mpaka kola ikalowa. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Watu wakaanza kukohoa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, roho juu.

"Sema basi, baba watoto," nikamnong'oneza. "Si watu tu hawa? Umewabeba maisha yako yote."

"Walikuwa nyuma yangu," akajibu, na maikrofoni ikayanasa. "Sijawahi kutazamana nao."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akatupa kisogo, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza kuuhutubia ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini sauti ilitoka, nzito, bila kukwama, na hakuna aliyekohoa tena. Alitusimulia mteremko na breki zinazolia, mpaka nikajikuta nimeng'ang'ania kiti.

Alipomaliza, hata kupiga makofi tulisahau. Yeye akabaki vilevile, ameukodolea macho ukuta, mabega yanatetemeka.

"Mama watoto," akaniita bila kugeuka. "Bado wapo?"