Kiti Nilichosema Kimetoka Nairobi

Mkasa huu wengine wakiusimulia mimi huinuka nikaenda jikoni kuangalia moto, hata kama hakuna kinachopikwa. Leo nausimulia mwenyewe, maana wao huishia pale penye kucheka, na sehemu inayonitia baridi mpaka leo wala si ile.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga wa nyoka. Siyo uoga wa kawaida, mimi hata mkanda wa suruali ukianguka sakafuni naruka. Na bado ni mimi mwenyewe niliyemwingiza nyoka sebuleni kwa mikono yangu miwili, nikamfunika kwa mto wa maua, nikamkalisha bibi wa watu juu yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa vitu vya nje na kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kimetupunguza. Tulikaa Mkuyuni, mimi, mume wangu Baba Leti, na binti yetu Leticia aliyekuwa anafundisha shule ya msingi. Ziwani magugu maji yalikuwa yamefunika maji mpaka mitumbwi inakosa pa kupita, na pale kanisani akaja mama mmoja kutufundisha sisi kinamama kuyageuza mali: unakata mashina, unaanika, unasokota kamba, unasuka. Kiti chake kilikuwa chepesi kutengeneza kuliko vyote. Unalaza matairi mawili mabovu, moja juu ya jingine, ndani unashindilia mashina makavu, nje unazungushia kamba ya magugu kuanzia juu hadi chini, juu unafunika kwa ubao na mto, basi, una kiti. Gharama yake gundi na jasho lako. Alisisitiza jambo moja tu, kwamba mashina yakae juani juma zima, na kila siku uyageuze na kuyakung'uta, kwa sababu magugu yana wenyeji wake. Tulicheka sana.

Jumatano ikaja habari kwamba Jumamosi watu wa Kisesa wanakuja kumposa Leticia. Nikatazama sebule yangu, makochi mawili yaliyolegea na meza, nikaona aibu. Mashina yangu yalikuwa na siku tatu tu juani, na kila jioni nilikuwa nayarundika kando ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa gunia (nani akung'ute kila siku, ana kazi gani nyingine?). Ijumaa nikayabeba kwa matita, nikashindilia ndani ya matairi hivyo hivyo. Kamba nayo ikaniishia, nikaacha upenyo kama wa kiganja upande mmoja, pale matairi yanapokutana. Nikajisemea upande huo utatazama ukutani, na ubao nikaupigilia misumari.

Jirani yangu Mama Zuhura alipokuja kuniazima vikombe akakishangaa, akauliza kimetoka wapi. Hapo ningesema tu nimekitengeneza, angenisifu, mambo yangekwisha. Lakini miaka ile kitu cha kutengeneza mwenyewe kilikuwa kitu cha mtu aliyekosa. Nikasema kimetoka Nairobi, shemeji yangu ametuletea. Baba Leti, aliyenisaidia kuyabeba yale matairi, akainama akaanza kufunga kamba za viatu alivyokwisha kufunga.

Jumamosi saa sita wageni wakafika: mshenga wao Mzee Shija, mtu mnene wa maneno mengi, na bibi wa kijana anayeposa, Bibi Milembe, mdogo wa mwili, kimya, macho yanayotulia kwenye kitu. Nikamwonyesha kochi, akasema kochi linamzamisha, magoti hayamruhusu kuinuka. Akakivuta kile kiti kutoka ukutani, akakigeuza, akakaa. Upenyo ukawa mbele, kisiginoni kwake. Akakipapasa, akauliza kimetoka wapi, na mimi nikarudia uongo wangu wa Nairobi bila hata kumeza mate.

Soda zikanywewa. Mzee Shija akaanza zile hadithi zao za kuposa, za ng'ombe aliyepotea na nyayo zake zikaishia mlangoni kwetu, mimi natabasamu, macho yangu yakashuka chini. Kati ya tairi na tairi, shubiri moja kutoka kisigino cha Bibi, kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa. Nikadhani ni mpira wa tairi. Kisha kikatoa ulimi.

Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka masikio yakaziba. Nilimwona Mzee Shija anafungua na kufumba mdomo, sisikii neno, jasho linashuka mgongoni kama nimemwagiwa. Na katikati ya hofu yote ile, akili yangu ilikuwa inafanya kazi nyingine kabisa: nikisema kuna nyoka wataniuliza ametoka wapi, nikisema ametoka kwenye magugu watasema mbona ulisema Nairobi, na mtu anayeposesha binti kwa uongo nani atachukua binti yake? Ndiyo, nilipima hivyo. Upande mmoja mguu wa bibi kizee, upande wa pili jina langu.

Nikaanza ujanja. Nikamwambia Bibi ahamie kwenye kochi, pale alipo kuna upepo. Akasema, "Hapa nimekaa vizuli, mayu," akiniita mama kwa kilugha chao. Nikamwomba aje nimwonyeshe bustani, akasema ataiona baadaye. Nikachukua chupa ya chai nimwagie sakafu ili ainuke, nikakosea shabaha, chai ikaenda yote kwenye mapaja ya Mzee Shija (hapo ndipo wasimulizi wangu huanza kucheka). Mwisho nikasema tusimame tuombe kabla ya chakula. Watu wote wakasimama, hata Mzee Shija na suruali yake inayofuka, isipokuwa Bibi.

"Mimi naombaga nikiwa nimekaa," akasema.

Nikaomba mimi. Sikumbuki niliomba nini, ila Baba Leti anasema niliwaombea marehemu wote kwa majina na nikaanza tena mwanzo. Kila nilipofumbua jicho ulimi ulikuwa bado upo.

Nikasema amina, na Leticia akaingia na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Akaanza na Bibi, kama tulivyomfundisha. Akapiga magoti palepale mbele ya upenyo.

"Leti, rudi nyuma," nikasema. "Ndani ya hicho kiti kuna nyoka. Hakijatoka Nairobi, nimekitengeneza mimi kwa magugu maji."

Mzee Shija alikuwa wa kwanza kufika nje, akifuatiwa na Baba Leti aliyemburuta Leticia kwa mkono, na mimi nyuma yao, kitenge changu kikanasa kwenye msumari wa mlango nikakiacha, nikatoka uani na gagulo mbele ya Mama Zuhura na nusu ya Mkuyuni waliokuwa wamekuja kutazama posa. Halafu nikasikia sauti ya Bibi kutoka ndani, haina haraka wala hasira.

"Mwenye kiti arudi. Alete ndoo na mfuniko."

Nikarudi. Hakuna safari ndefu niliyowahi kusafiri kama ile hatua kumi. Bibi alikuwa bado amekaa, ameinama, khanga yake ameizungushia mkononi. Ndipo nilipojua kuwa ni wa kundi la wayeye, wale wachezao ngoma na nyoka na kutibu walioumwa. Akaniambia nipige magoti, niishike ndoo ilale mdomo ukimwelekea yeye, nisitikisike. Nikapiga magoti na gagulo langu, watu wamejaa dirishani, meno yananigongana, machozi yananitoka bila kulia. Akashuka mkono, akamshika nyuma ya kichwa, kisha akajiinua kidogo tu kutoka kitini, na yule nyoka akatoka, anatoka, haishi, swila mweusi mrefu kuliko mkono wangu. Akamwingiza ndooni, mkia ukanipiga kifundo cha mkono. Nikafunika, nikaukalia mfuniko, nikashindwa kuinuka tena.

Bibi akajifuta mikono. Akaja akachutama karibu yangu ili walioko dirishani wasisikie.

"Nilimsikia tangu soda," akasema. "Alipotoa kichwa nikambana na uzito wangu katikati ya mataili. Kila uliponiambia niinuke nilikuwa nashangaa, huyu mayu anataka nimfungulie?"

Nikazidi kuukandamiza mfuniko.

"Nikakungoja useme. Umesema binti yako alipopiga magoti. Mimi ulikuwa umeniacha nimekaa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi siku ile nilikuwa tayari kumzika mtu ili niufiche wangu. Nilimwomba radhi palepale juu ya ndoo. Akaniambia binti wamempenda, na mimi watanizoea polepole, kisha akauliza chakula kiko wapi. Posa ikapokelewa. Kile kiti Baba Leti alikichoma moto, matairi yakafuka siku mbili, mtaa mzima ukajua ni Nairobi inaungua.

Kusuka sikuacha, na mashina nayaanika juma zima na kuyakung'uta mpaka yanalia. Mgeni akiuliza kitu kimetoka wapi, namwambia nimetengeneza mwenyewe kabla hajamaliza swali. Na nimeapa kwamba neno la kumwokoa mtu halitalala tena mdomoni mwangu, linifedheheshe litakavyo.

Bibi Milembe aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukala pamoja sikukuu nyingi, akiwapakata watoto wa Leticia, wajukuu wangu. Mtaa mzima ulinicheka, na Mzee Shija mpaka kwenye harusi aliisimulia ile chai yake kwenye kipaza sauti. Bibi peke yake hakuwahi kunicheka.