Nimewafundisha Wimbo wa Kunizika

Usiombe usikie kwaya inafanya mazoezi ya kukuzika, na wewe umesimama mlangoni unatafuna karanga.

Mimi yamenikuta.

Naitwa Ambokile, fundi breki za malori pale Uyole. Breki ni za tumbo. Ya moyo ni kwaya, naimba sauti ya nne, besi.

Mke wangu Rozalia mchana anauza viazi, jioni anatunga nyimbo. Akifa mtu kanisani kwetu Soweto, hapahapa Mbeya, yeye ndiye anamtungia wimbo wenye jina lake. Anawaliza mpaka wachimba kaburi.

Nililazwa Iringa kwa ajili ya tumbo. Wakanipasua, wakanishona, kisha daktari akamwita Rozalia pembeni. Akarudi anatabasamu.

"Umepona, Baba Lusia. Twende nyumbani ukapumzike. Kwaya achana nayo kwanza."

Nikapumzika mpaka nikachoka kuangalia dari. Alhamisi nikajikongoja kanisani niwafanyie sapraizi. Njiani muuza karanga akanipa za bure, akakataa kabisa hela yangu. Nikasema leo nina bahati.

Nikafika mlangoni. Ndani wanaimba: "Ambokile, umetutoka..."

Nikacheka. Kina Ambokile Mbeya tumejaa.

Ukaja ubeti wa pili: "Malori ya Uyole yanakulilia, fundi."

Karanga zikanidondoka. Nikasukuma mlango. Rozalia akajifunika uso kwa kanga.

"Mwalimu Gideon, nani kafa?"

Mwalimu wa kwaya akakohoa. "Hajafa mtu, kaka. Tuliona tu tusije tukakurupuka siku yenyewe."

Siku yenyewe!

"Mama Lusia, daktari alisema nini?"

"Kansa ilishasambaa. Walifungua, wakafunga. Ndugu zako wakasema tusikuvunje moyo."

Kumbe mtaa mzima unajua. Mpaka muuza karanga!

Niliumia kuliko kile kisu cha Iringa. Nikatafuta tusi la kuwatosha wote, nikalikosa.

"Sauti ya nne mnashuka mapema," nikasema. "Rudieni ubeti wa pili."

Nikawaimbisha mpaka wakaipata. Rozalia alilia mwanzo mwisho, na sikumbembeleza.

Sasa wimbo umeiva, mimi bado nipo. Jumapili Mwalimu Gideon kaniuliza hali, nikamwambia nina nafuu. Naapa, uso ulimshuka.

Jamani, mgonjwa ana masikio. Mwambieni ukweli kabla hamjaupigia kinanda.