Kijiko cha Tatu

Vukosava alikuwa mwoga mwenye utaratibu. Wako watu wanaoogopa jambo likishatokea. Yeye aliogopa mapema, ili likija likute kazi imekwisha. Aliogopa gesi ya jikoni, aliogopa simu zinazolia wakati wa chakula, aliogopa upepo unaopita kati ya milango miwili, ambao pale Valjevo, mji wa Serbia, unaaminika kuua watu wengi kuliko vita. Daktari alipomwambia ana kisukari, aliipokea habari hiyo kama mtu aliyekwisha kumtandikia mgeni kitanda.

Muuguzi wa kliniki alimsifu mbele za wagonjwa wengine. Vukosava hakuruka sindano, hakusahau kupima, hakula nje ya saa. Tatizo ni kwamba hofu nayo hupandisha sukari: alipima kwa kuwa anaogopa, akaogopa alichokiona, akapima tena, ikawa imepanda. Na muuguzi alipomuuliza hali, alimtajia namba nzuri, si kwa uongo hasa, ila hakupenda kumharibia binti wa watu asubuhi yake.

Hofu mbili zilizizidi nyingine zote. Ya kwanza ilikuwa sukari kushuka. Iliwahi kushuka akiwa stendi ya mabasi, akaanguka, watu wakamruka wakidhani kalewa, na jirani mmoja akasema kwa huruma kwamba hata hawa wapole, mwisho wa yote, hunywa. Vukosava aliyasikia hayo akiwa chini, hawezi kuinua ulimi. Hofu ya pili ilikuwa kumuudhi mwenyeji wake. Hizi mbili hazikuwahi kukutana mpaka siku ya Mtakatifu Nikola, nyumbani kwa Rosanda.

Rosanda ndiye aliyesimamia ndoa yake. Ndoa ilikwisha kwa mume kufa, lakini usimamizi haufi. Waliitana somo na wataitana hivyo mpaka kaburini. Somo si kifungo, husema Waserbia, ukikate ushone kingine. Na kila Desemba, nyumba ya Rosanda ilipomwadhimisha mtakatifu mlinzi wa ukoo, Vukosava alikuwa mgeni wa kwanza.

Mgeni akiingia tu, hata koti hajavua sawasawa, huletewa sinia. Kwanza ngano iliyochemshwa, ikasagwa na kokwa za jozi na sukari, kijiko kimoja kwa heshima ya mtakatifu. Kisha slatko, matunda yaliyopikwa ndani ya sukari mpaka yang'ae kama vioo vya kanisa: kijiko kimoja, viwili ukibembelezwa, na glasi ya maji. Kijiko cha tatu ni ulafi. Kukataa cha kwanza ni kutangaza vita. Baadaye huja keki, aina sita, na Rosanda alikuwa na jicho la kujua nani amekula ipi.

Vukosava hakuweza kukataa, wala hakuweza kujichoma sindano mezani. Aliona ni sawa na kusema mbele ya wageni kwamba chakula cha mwenyeji ni sumu. Kwa hiyo alikuwa akijichoma kwenye ngazi, ghorofa moja chini, mgongo ukutani, akisikiliza kama kuna mtu anakuja. Alijichoma insulini ya kutosha ngano, slatko na keki zote sita, kisha akapanda na kubonyeza kengele. Miaka yote hesabu hiyo haikuwahi kumwangusha. Aliiogopa, bila shaka, lakini hilo halikuwa jambo geni.

Mwaka huu alijichoma vilevile, na Rosanda akafungua mlango uso ukiwaka kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Vukosava akala kijiko cha ngano. Ilikuwa na ladha ya ngano. Akaonja slatko ya stroberi. Ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi.

"Vipi?" Rosanda aliuliza.

"Mikono yako ibarikiwe, somo."

"Hakuna hata chembe ya sukari. Nimepika mara tatu mpaka ikakubali. Unadhani sijui unaumwa? Mwaka mzima nimejilaumu kwamba nakuua kwa kijiko." Akaeleza kwamba keki zimefungiwa chumbani mpaka Vukosava aondoke, kwamba bakuli la sukari limeondolewa, kwamba wageni wote wameonywa. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja na kahawa chungu mbele yake.

Vukosava akashukuru. Machozi yalimtoka kweli, na Rosanda akayaelewa vibaya.

Akakalishwa nyuma ya meza, dirishani, mahali pa heshima, ambako mtu hatoki mpaka benchi zima lisimame. Vibonge vyake vya sukari, vya kumwokoa ikishuka, vilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa koridoni. Mkate wa mtakatifu ulikuwa mbele yake, umesukwa na kupambwa, lakini mkate huo haumeguki mpaka padri aukate. Na padri alikuwa amechelewa, kwa kuwa nusu ya mji ina mtakatifu yuleyule.

Sredoje, shemeji wa Rosanda, alikaa karibu naye akimsukumia kiglasi cha pombe ya matunda. "Hii haina sukari," alisema. "Mimi nimeichunguza tangu ujana." Vukosava, asiyejua kukataa, akanywa funda moja, huku akijua fika kwamba pombe huizidishia sukari mteremko. Jasho likamtoka chini ya nywele. Akajipa moyo kwamba ni hofu tu. Dalili ni zilezile, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, na yeye alikuwa na uzoefu wa kuogopa bure. Kisha midomo ikaanza kufa ganzi, jambo ambalo hofu ya kawaida haifanyi.

Padri Gavrilo akaingia, buti zimejaa theluji. Watu wote wakasimama, mshumaa ukawashwa, sala ikaanza. Kupita mbele ya padri wakati wa sala ni jambo lisiloruhusiwa hata nyumba ikiungua. Vukosava alishika ukingo wa meza. Mwali wa mshumaa ukawa miwili. Akawaza kwamba ataanguka juu ya mkate, na kwamba watasema kalewa, tena mbele ya padri, na hataweza kujibu. Akapima hofu kwa hofu, kama anavyofanya mwanamke sokoni na nyanya mbili, na kwa mara ya kwanza maishani akaona ipi nzito.

"Somo," alisema, katikati ya sala. "Nipe sukari."

Sala ikasimama. Rosanda akageuka taratibu.

"Nimeapa, somo. Leo hapana."

"Nipe sukari."

"Mpe basi," Sredoje alinong'ona kwa sauti ya kusikika mtaani. "Siku ni moja."

"Nimeshajichoma," Vukosava alisema. Ulimi ulikuwa mzito kama si wake. "Ngazini kwako. Kwa ajili ya keki. Kila mwaka najichoma, naogopa kukukatalia. Sasa keki hakuna, nami naanguka."

Padri ndiye aliyeelewa kwanza. Mama yake alikuwa na ugonjwa huohuo. "Rosanda, kimbia," alisema. "Mtakatifu Nikola anao muda, huyu hana."

Rosanda akarudi na chupa ya slatko ya mwaka uliopita, ya zamani, ya kweli, akapita juu ya magoti ya wageni, akamlisha mwenyewe. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Hapo Vukosava, akiwa amepauka kama nta, akafunga mdomo na kuusukuma mkono.

"Viwili vinatosha, somo. Asante."

"Fungua mdomo, mwanamke wee," Rosanda alisema akilia, "kabla sijakupiga nacho."

Akaufungua. Cha tatu kilifuatwa na vingine ambavyo, kwa heshima, hakuna aliyevihesabu.

Jioni Rosanda alimpigia simu kujua kipimo kinasemaje. Vukosava alikitazama. Sukari ilikuwa juu sana, na hofu ilikuwa imehamia upande wa pili bila kupumzika njiani. Namba nzuri ilikuwa tayari mdomoni. Akaimeza, akataja ile aliyoiona.

"Kesho ni siku ya pili ya sikukuu," Rosanda alisema. "Utakuja?"

Vukosava akavuta kalamu na karatasi.

"Umepika nini?" aliuliza. "Nijue kabla sijapanda ngazi."