Miguu ya Cherehani

Walimwita Pindo, kwa kuwa pindo alilokunja yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Aliolewa katika nyumba ya mafundi. Mama mkwe fundi, mawifi mafundi, na chumba cha mbele kimejaa vyerehani vya kukanyaga kwa miguu. Humo kila mtu aliumwa kichwa, na ugonjwa ulikuwa na jina moja tu: cherehani. Vifundo vikivimba, ni cherehani. Ukiona vimulimuli, ni cherehani. Dawa yake ni kunyoosha mgongo, kunywa maji na kurudi kazini. Aliyelalamika zaidi ya hapo aliambiwa uvivu kaja nao kutoka kwao.

Pindo alikuwa hajashika mimba bado siku aliyokwenda zahanati na kidole kilichotobolewa na sindano. Muuguzi akamfunga mkono kupima presha, akakunja uso, akapima tena.

"Dada, umekuja unakimbia?"

"Nimekaa kwenye benchi lako tangu asubuhi, nikimbie wapi?"

"Presha yako iko juu. Unataka kuzaa?"

"Nani asiyetaka?"

"Basi tuishushe kwanza, kwa dawa isiyomdhuru mja mzito. Ukibeba mimba na presha hii, mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake. Urudi wiki ijayo, usinikimbie."

Nyumbani mama mkwe alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Presha! Hiyo ni miguu ya cherehani, mwanangu. Mimi nimewazaa hawa wote huku nakanyaga. Kaa kwenye kushona vifungo kwa mkono kidogo, upumzike."

Pindo akahamia kwenye vifungo. Kichwa kikatulia, naye akaamini amepona, maana nani alimwambia kwamba presha hupanda kimya kimya? Kwa muuguzi hakurudi. Baadaye majirani walisema sikio la kufa halisikii dawa. Uongo. Sikio lake lilisikia vizuri, ila alitamani mno kuwa fundi kama wenzake.

Mimba ikaingia. Kliniki akaiahirisha, sare za shule zilikuwa zimewaelemea. Kwa masalio ya vitambaa alishona vigauni, akavikunja juu ya kabati. Tumbo halijakua vizuri, asubuhi moja akashindwa kutunga uzi. Aliona sindano mbili.

"Cherehani hiyo," wifi akasema bila kuinua kichwa.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeingia akashtuka. "Cherehani gani inayovimbisha uso? Huyu si mke wangu niliyemwacha kitandani!" Akamkimbiza hospitali.

Presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari hakuzunguka: mtoto atolewe, la sivyo wanawapoteza wote wawili. Wakamtoa binti, njiti, ngozi yake nyembamba kama kitambaa cha bitana, wakamweka penye joto.

Mama mkwe alifika na vigauni. Hata kilicho kidogo kuliko vyote kingemmeza. Akamtazama mtoto kupitia kioo, akampima kwa macho kama alivyopima wateja maisha yake yote, akaketi ukumbini na mkasi. Alikipunguza kigauni kwa mkono, mshono juu ya mshono, kana kwamba mtoto angengoja nguo iishe.

Hakungoja.

Pindo aliomba apewe kigauni. Upande mmoja ulikuwa haujakunjwa. Akaukunja mwenyewe kitandani, na ndicho alichozikwa nacho mwanawe.

Nyumbani hakuna aliyeomba radhi, wala aliyejua aombe kwa maneno gani. Vyerehani vililia kama kawaida. Kisha asubuhi moja mama mkwe akatema pini zake kiganjani.

"Mwanangu, vaa viatu. Twende kwa yule muuguzi, kabla hujafikiria mwingine."

Muuguzi akampima Pindo, akamwandikia dawa, akamwambia asiwe na haraka ya kubeba mimba. Mama mkwe akakunja mkono wa gauni lake.

"Na mimi."

Yake ilikuwa juu kuliko ya Pindo.

Njiani kurudi mama mkwe aliitazama pakiti ya dawa yake mara mbili. Pindo alimshika kiwiko, wakaenda polepole, kila mmoja na dawa yake. Vigauni vilivyobaki vimerudishwa juu ya kabati. Hakuna anayevigusa.